Makali Kwanza, Moto Baadaye: Hotuba kwa Vijana Wanaoanza Ufundi wa Visu, Mombasa

Mabibi na mabwana, wazazi mliowaleta vijana wenu, mafundi wenzangu, na nyinyi vijana wenyewe ambao kikao hiki ni chenu: assalamu aleikum, na hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumze juu ya namna kijana wa hapa Mombasa anavyoweza kuanza kutengeneza visu. Swali hili huletwa karakana karibu kila likizo ya shule, na mara nyingi huletwa na kijana ambaye tayari ana picha yake kichwani: ameona kwenye simu mtu wa nchi ya mbali akifua jambia la feleji yenye mawimbi, chuma kikiwa chekundu na cheche zikiruka, naye anataka kuanzia papo hapo. Simlaumu, kwa kuwa moto una mvuto wake. Hata hivyo nitakalolisema leo ni kwamba mpangilio huo umepinduliwa. Makali, ambayo mwanafunzi huyafikiria mwisho, ndiyo ya kujifunza kwanza. Moto anaoukimbilia ndio wa mwisho. Na baina ya hayo mawili kuna kisu kimoja kidogo, kisicho na urembo, kinachotengenezwa kwa tupa bila kuwashwa hata kaa moja.

Kabla sijaingia katika kazi yenyewe, niondoe dhana kwamba ufundi huu ni wa kuigwa kutoka ugenini. Al-Idrisi, mwanajiografia aliyeandika mwaka 1154 akiwa Sicily kwa kukusanya habari za wasafiri, aliitaja Mombasa kuwa mji mdogo ambao watu wake walichimba chuma, na akakisifu chuma cha Sofala, kwenye pwani ya Msumbiji ya leo, kilichovushwa bahari hadi India na kufuliwa huko. Kwa hiyo kijana wa Majengo au wa Likoni anayeshika nyundo leo hajaingilia kazi ya watu wengine. Yatosha hayo kwa historia.

Sasa tuje kwenye makali. Kazi ya kwanza ninayompa kila anayeanza ni kunoa visu vya watu wengine, na kazi hiyo huendelea kwa muda mrefu kuliko wengi wanavyopenda. Mji huu hauna uhaba wa visu butu. Wako wapara samaki wa Likoni, wako kina mama wanaokata mboga Kongowea tangu alfajiri, wako wenye bucha na wachoma mishikaki, na kila mmoja ana kisu anachokilalamikia. Ukimnolea mpara samaki kisu chake kisha ukakaa kando ukimwangalia anavyokitumia juu ya changu na kolekole, utajifunza mambo ambayo hakuna video itakayokufundisha: utaona kwamba ncha ndiyo inayofungua tumbo, kwamba sehemu ya nyuma iliyo karibu na mpini ndiyo inayokata kichwa, na kwamba anakigeuza kisu na kuparia magamba kwa mgongo wake. Utajua pia kwa nini anakipenda kisu chembamba kilicholika na kukikataa kile kipya chenye bapa nene.

Kunoa kwenyewe kuna kanuni chache, lakini zinahitaji mkono uliozoea. Tafuta kinoo chenye pande mbili, upande mmoja wa chembe kubwa za kiasi cha 400 na wa pili wa chembe laini za 1000, na ukiloweshe maji ikiwa ni cha aina ya kuloweshwa. Kisu cha samaki au cha mboga hunolewa kwa pembe ya digrii 15 hadi 20 kila upande. Usiogope neno digrii, kwa sababu huhitaji kipimo chochote: simamisha kisu wima juu ya jiwe, hiyo ni digrii 90, kilaze nusu, ni 45, kilaze nusu tena, ni 22 na kidogo, sasa kishushe kidogo tu zaidi, umefika. Ukitaka kujua kama unashika pembe moja bila kuyumba, paka makali rangi kwa kalamu ya wino mzito, pitisha kisu kwenye jiwe mara mbili tatu, kisha angalia mahali wino ulipofutika. Ukifutika juu ya bapa peke yake, umelaza mno. Ukifutika kwenye makali yenyewe peke yake, umeinua mno. Noa upande mmoja mpaka uhisi ukingo mwembamba wa chuma umejikunja upande wa pili kuanzia mpini hadi ncha, na uuhisi kwa kupitisha kidole kutoka mgongoni kuelekea nje, kamwe si kwa kukiburura kidole kufuata makali. Hapo ndipo unapogeuza. Ukingo ule usipojitokeza, hujafika, hata kama umetoka jasho.

Kijana akishaweza kunoa kisu kikachana karatasi ya gazeti bila kukwama, ninampa panga kuukuu. Najua kwamba neno panga, katika mji huu na hasa likitajwa pamoja na neno kijana, huwafanya wazazi wakae sawasawa vitini, na nitalirudia jambo hilo baadaye. Ninachokitaka ni chuma chake. Panga la shamba lililochakaa, lililopasuka mpini au kulika ncha, limetengenezwa kwa feleji ambayo tayari imekwisha kuchomwa na kutulizwa kiwandani, na unene wake kwa kawaida haupiti sana milimita mbili, unene unaofaa kabisa kwa kisu cha jikoni. Ukikata kisu chako kutoka katika bapa hilo bila kulipasha moto, ugumu uliowekwa kiwandani unabaki. Kisu hicho hakitakuwa kigumu kama vile vya wapishi wakubwa wa hotelini, na makali yake yatahitaji kinoo mara kwa mara, ila hakivunjiki ovyo na hunoleka kwa urahisi. Kwa mwanafunzi hizo ni sifa mbili bora.

Anza kwa kuchora kisu kwenye kadibodi na kukikata. Kishike. Mpe mama akishike, au yule mpara samaki wako, kisha punguza panapomsumbua mkononi. Kisu cha kwanza kisizidi sentimita kumi za makali; kirefu zaidi ya hapo kinaongeza kazi ya tupa bila kuongeza mafunzo. Hamishia umbo juu ya panga kwa msumari wenye ncha, libane panga kwenye jiliwa, ukate kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo, na umalize umbo kwa tupa. Tupa hukata inaposukumwa mbele. Ukiirudisha nyuma huku umeikandamiza unayaua meno yake, na hapa tupa nzuri si rahisi kupatikana. Sugua chaki kwenye meno yake kabla ya kazi ili vumbi la chuma lisigande humo. Halafu tengeneza mteremko kutoka mgongoni kuelekea makali, upande mmoja na mwingine, ukiacha unene wa kama nusu milimita mahali ambapo makali yatakuwa. Nusu milimita hiyo ndiyo utakayoimaliza kwa kinoo, na kwa kuwa umekwisha kunoa visu vingi, mkono wako unajua la kufanya.

Wengi huniuliza kwa nini wasitumie grenda ya umeme wamalize kwa saa moja kazi ya siku nzima. Watumie watakapokuwa wameijua tupa. Grenda huzalisha joto jingi, na kwenye makali membamba joto hilo hupanda kwa kufumba na kufumbua: chuma kikigeuka rangi ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau na buluu, kinakuambia kwamba ugumu wake unapungua, na buluu ikishafika huwezi kuurudisha bila kuanza upya na moto. Anayetumia grenda hana budi kuchovya chuma majini kila mara, kabla vidole vyake havijaanza kulalamika. Miwani ya kukinga macho si hiari, na kifuniko cha jiwe la grenda kisitolewe hata kama fundi wa jirani amekitoa. Vaeni nguo za pamba. Nailoni ikiangukiwa na cheche huyeyuka na kunata kwenye ngozi. Na unapotumia keekee au brashi ya waya inayozunguka, vua glavu, kwa sababu glavu ikinaswa inauvuta mkono wote.

Mpini nao una maneno yake, ingawa si mengi. Kisu ambacho msuka wake, yaani sehemu ya chuma inayoingia mpinini, ni mpana kama mpini wenyewe ndicho rahisi kwa anayeanza: unatoboa matundu mawili kwenye msuka, unaweka vibao viwili, kimoja kila upande, unavifunga kwa gundi ya kuchanganywa na kwa ribiti za shaba. Mbao hazitushindi. Mwarobaini uko kila ua, mwembe hukatwa kila siku mahali fulani, na mabaki ya mvule hutupwa na maseremala. Mpingo ni mzuri mno, na wachongaji wa Changamwe huwa na vipande visivyowafaa; lakini vumbi lake huwasha ngozi na kifua, kwa hiyo usugue msasa ukiwa umefunika pua, na ujue kwamba tangu mwaka 2017 mpingo na karibu miti yote ya jamii yake imo katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, hivyo mtalii anayetaka kuondoka na bidhaa yake anaweza kuulizwa vibali. Pembe la ng'ombe ni halali. Meno ya tembo na magamba ya ng'amba, hata yakiletwa na mtu anayedai kuyarithi kwa babu yake, msiyaguse. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 ina adhabu nzito. Kwa kulainisha mti tumieni mafuta ya kitani, na matambara mliyofutia myatandaze nje yakauke, kwa sababu yakirundikwa pamoja hupata joto yenyewe na kuweza kuwaka. Sifa, yale mafuta ya papa, waachieni wajenzi wa majahazi, maana hakuna mpishi atakayeistahimili harufu yake jikoni.

Sasa nimefika kwenye moto, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kisu kizuri kwa macho hutofautiana na kisu kizuri kwa kazi.

Si kila chuma huwa kigumu kikichomwa na kuzimishwa, yaani kupozwa ghafla kwa kuchovywa. Kinachofanya hivyo ni kaboni iliyomo ndani yake. Chuma cha kawaida cha mageti na madirisha kina kaboni ya takriban asilimia 0.2, na nondo nyingi za ujenzi haziko mbali sana na hapo. Ukivichoma ukavizimisha mara mia, havitashika makali ya maana. Feleji ya kisu inataka kuanzia kama asilimia 0.6. Springi za bapa za malori huwa karibu na kiwango hicho, na tupa kuukuu nyingi huwa na kaboni ya takriban asilimia moja. Springi hupatikana kwa mafundi wa magari, na ndiyo ninayoipendekeza, ila ichunguzwe: springi iliyokimbia barabara ya Nairobi kwa miaka mingi huweza kuwa na nyufa zisizoonekana. Kata kipande kidogo, kichome, kizimishe katika mafuta, kisha kibane na ukipige nyundo. Kikijikunja, si feleji. Kikivunjika kwa mlio, ni feleji, na ule mvunjiko wenyewe una habari: ukiwa laini wa kijivu, joto lako lilikuwa sawa, ukiwa na chembe kubwa zinazometa kama sukari, ulipasha kupita kiasi, na kisu kilichozimishwa katika hali hiyo kitavunjika mikononi mwa mtu.

Springi hutoka ikiwa ngumu na nene, kwa hiyo ifueni nyembamba kwenye fuawe ingali nyekundu, kisha muizike katika jivu kavu usiku kucha ili ilainike na kukubali tupa. Mkishamaliza umbo, ipasheni tena mpaka sumaku isiishike, muache ipoe hewani, na mrudie hivyo mara tatu. Hatua hiyo hurejesha chembe ndogo ndani ya chuma. Jiko la makaa lenye kipulizo linatosha kwa kisu kidogo, na makaa ya vifuu vya nazi hutoa joto zuri. Kipimo chetu ni sumaku ya spika iliyoharibika, iliyofungwa kwenye waya. Chuma hupoteza mvuto wa sumaku kwenye nyuzijoto 770 hivi za selsiasi, na springi hutaka kupanda zaidi kidogo, karibu na 830, kabla ya kuzimishwa. Kwa macho ni wekundu uliong'aa hatua moja baada ya sumaku kuachia. Wekundu huo hauonekani chini ya jua la saa sita mchana. Fanyeni kazi hiyo kivulini, au bora baada ya magharibi, giza likiwa limeanza kuingia, na mtaona rangi ya chuma ikitembea kutoka mgongoni hadi kwenye makali.

Zimisheni katika mafuta ya kupikia yaliyopashwa moto hadi nyuzijoto 50 au 60, yasiyopungua lita nne, ndani ya chombo cha chuma chenye kifuniko. Msitumie maji, kwa sababu springi hupasuka humo, wala oili chafu ya gari, ambayo moshi wake ni sumu. Kisu kiingie wima, ncha au makali yakitangulia, na kisichezwe kushoto na kulia, kwani kitapinda. Mafuta yakishika moto, kifuniko kinatosha. Atakayeyamwagia maji atauona moto ukimrukia. Na chuma chochote kilichopakwa zinki, kama mabaki ya mabati na mabomba, kikae mbali na jiko, kwa sababu mvuke wa zinki humlaza mtu kwa homa.

Kikitoka katika mafuta, kisu ni kigumu kiasi kwamba tupa huteleza juu yake, na wakati huo huo ni dhaifu kuliko kitakavyokuwa wakati wowote mwingine. Kikianguka sakafuni kinaweza kukatika vipande viwili. Ndiyo maana hakiachwi mpaka kesho: siku hiyo hiyo hukisugua kikang'aa, ukakitia katika oveni ya nyumbani kwa nyuzijoto 200, kwa saa mbili, ukakiacha kipoe, kisha ukarudia saa mbili nyingine. Rangi hafifu ya majani makavu itakuambia kwamba kimetulia. Mama aombwe ruhusa ya oveni mapema, na kisu kioshwe mafuta kabla, maana moshi wake huingia hata katika mapazia.

Tuna adui mmoja ambaye mafundi wa bara hawamjui sana, nao ni unyevu wa chumvi. Kisu cha feleji ya springi kikilala kimelowa usiku mmoja hapa Kisiwani, asubuhi kina madoa ya kutu. Mweleze mnunuzi waziwazi: kioshwe, kikaushwe, kipakwe mafuta ya nazi kidogo. Asiyetaka usumbufu huo anunue kisu cha dukani kisichoshika kutu, na wala hatujagombana naye.

Nililiahidi neno kwa wazazi. Hofu yenu ina msingi, kwa sababu kila mmoja wetu anayajua yaliyotokea katika baadhi ya mitaa yetu, vijana wakiwa na mapanga mikononi. Kanuni ya Adhabu ya Kenya inamtia hatiani anayetembea hadharani na silaha bila sababu halali kwa namna ya kutia watu hofu, na askari anayemkuta kijana usiku na kisu kiunoni hana njia ya kujua kwamba ni kazi ya mikono yake. Kwa hiyo karakana yenye utaratibu hutengeneza visu vya jikoni, vya samaki na vya seremala. Majambia na visu vya kupigania havifuliwi na wanafunzi, hata mteja akileta pesa taslimu. Aliye chini ya miaka 18 hafanyi kazi ya moto wala ya grenda bila mtu mzima kuwa pembeni. Kisu kinachosafirishwa hufungwa kwa kadibodi na gazeti, huwekwa chini kabisa ya mfuko, na kama kimeuzwa huambatana na risiti.

Vivyo hivyo chuma mnachonunua kiwe na asili inayojulikana. Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inamtaka mfanyabiashara wake awe na leseni, na mnakumbuka kwamba Januari 2022 biashara hiyo ilisimamishwa nchi nzima kwa miezi kadhaa kwa sababu ya uharibifu wa njia za umeme na miundombinu mingine. Mtu akikuletea kipande cha reli kwa bei ya kutupa, usijiulize kama ni feleji nzuri, jiulize kimetoka wapi.

Kuhusu kipato nitasema kwa ufupi. Hamtashindana kwa bei na visu vinavyoshushwa bandarini kwa makontena, na msijaribu. Kunoa ndiko kunakolipa mapema, kwa sababu mteja hurudi; kisu cha kutengenezwa huja baadaye, kwa mtu ambaye umekwisha kumnolea, unayeujua mkono wake na samaki anaowapasua.

Atakayetaka kuanza na aje karakana Jumamosi asubuhi akiwa na mzazi au mlezi. Aje na kisu kimoja butu cha nyumbani, kwa ruhusa ya mwenye kisu, na viatu vilivyofunika vidole. Vinoo, ndoo ya maji na miwani vipo. Tupa nitazitoa mimi, na makaa hatutayahitaji kwa sasa. Asanteni kwa kunisikiliza. Sasa nitapokea maswali, na ningependa wazazi wawe wa kwanza kuuliza.